Kivuli cha Alasiri na elimu ya pembetatu

Sura An-Nisaa, aya ya 103, inatufundisha kuwa sala imefaradhishwa kwa nyakati maalumu. Anayeswali kabla ya wakati kuingia, bila ya udhuru wa kisheria, sala yake haisihi. Ijumaa hii tuitazame Alasiri, ambayo wakati wake hujulikana kwa kivuli.

Wengi wetu tumehifadhi kuwa Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe. Kauli hiyo imepungua. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wanatufunza kuongeza kivuli kilichokuwepo adhuhuri, kabla jua halijapinduka. Je, nyongeza hiyo ina uzito gani?

Tuchukue Dar es Salaam, tarehe 21 Juni. Tusimamishe fimbo ya sentimita 100 wima kwa timazi, juu ya ardhi tambarare. Fimbo, kivuli chake na mwali wa jua unaopita kwenye ncha ya fimbo huunda pembetatu yenye pembe mraba. Siku hiyo jua liko kaskazini, hivyo mnamo saa 6:25 mchana hubaki kivuli cha kama sentimita 58 upande wa kusini. Basi Alasiri itaingia kivuli kitakapofika sentimita 158.

Sasa pande mbili tunazijua. Tukizidisha kila mmoja kwa wenyewe, tukajumlisha na kutafuta kipeuo cha pili, tunapata upande wa tatu: sentimita 187 hivi. Ama pembe ya jua, tunagawa 100 kwa 158 na kupata 0.633. Hiyo ndiyo tanjenti, na jedwali linatuonyesha nyuzi 32.

Aliyesahau nyongeza atagawa 100 kwa 100, apate 1, yaani nyuzi 45. Jua hufika hapo mnamo saa 8:42, ilhali Alasiri huingia kama saa 9:46. Ametangulia kwa zaidi ya saa nzima!

Kosa hili hujificha kwa sababu mwanzoni mwa Machi, na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini mwa jiji hilo na kivuli hutoweka. Siku hizo kauli fupi huwa sahihi.

Waliotutangulia hawakuidharau elimu hii. Al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya vivuli, na Ibn al-Shatir, aliyesimamia nyakati za sala katika Msikiti wa Umayya mjini Damascus, alitengeneza saa ya kivuli mwaka 1371.

Nasi tuwatoe watoto wa madrasa uani na fimbo moja, wapime wenyewe. Watajifunza hesabu na ibada kwa pamoja.

Na Allah ndiye Ajuaye zaidi.