Kilichomo Ndani ya Kompyuta Mpya

MANENO MAPYA
Programu: maagizo yanayoiwezesha kompyuta kufanya kazi fulani, kama kuandika barua au kupiga hesabu.
Mfumo endeshi: programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine.
Kivinjari: programu ya kusomea kurasa za intaneti.

MWALIMU: Fungueni madaftari yenu. Katika somo lililopita tulijifunza sehemu za kompyuta zinazoshikika kwa mkono. Leo tutazungumza juu ya zile zisizoshikika, yaani programu. Swali letu ni hili: unapoiwasha kompyuta mpya mara ya kwanza, ni nani aliyezichagua programu unazozikuta? Pamoja nami yupo mama mmoja, mkulima wa mpunga. Shikamoo, Mama.

MAMA: Marahaba, Mwalimu. Chama chetu kimeweka akiba kutokana na mavuno. Twataka kununua kompyuta ya mezani, tuandike michango ya wanachama na zamu za maji ya mfereji. Muuzaji anatuambia, "Ina kila kitu." Sasa mimi nauliza, kila kitu ni nini?

MWALIMU: Umeuliza vizuri. Je, umewahi kumpeleka mtoto shule ya bweni?

MAMA: Wawili.

MWALIMU: Tranka lao ulilipangaje?

MAMA: Tranka halina nafasi ya nyumba nzima. Nilitia shuka, blanketi, sabuni na madaftari. Nilitia vile ambavyo mtoto akivikosa siku ya kwanza atapata taabu. Vingine angevipata baadaye.

MWALIMU: Basi watengenezaji wa mfumo endeshi nao hupanga tranka. Tuchukue mfano wa mfumo uitwao Ubuntu. Jina hilo linatoka katika lugha za kusini mwa Afrika, na maana yake ni utu. Ulianzishwa na Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, ukatolewa mara ya kwanza Oktoba 2004. Hutolewa bure. Katika miaka ya kwanza ulipaswa kuenea katika kisahani kimoja cha sidii, chenye nafasi ya megabaiti 700 hivi. Kwa hiyo waliweka kanuni: kazi moja, programu moja. Kivinjari kilikuwa Firefox. Ya kuandikia barua na kupigia hesabu ilikuwa OpenOffice.org. Ya kutengenezea picha ilikuwa GIMP.

MAMA: Na nafasi ilipowabana?

MWALIMU: Walipunguza. Mwaka 2010 waliitoa GIMP. Ni programu nzuri, lakini ni kubwa, na watu wengi walitaka kupunguza kingo za picha tu. Aliyeihitaji aliweza kuichukua bure katika intaneti. Mwaka 2011 waliiondoa OpenOffice.org wakaweka LibreOffice. Kwa nini? Kwa sababu mwaka 2010 wengi wa mafundi wake walikuwa wamehamia LibreOffice.

MAMA: Ni kama mashine ya kukoboa mpunga. Hununui ile ambayo fundi wake amehama.

MWALIMU: Vema kabisa. Mwenye kuchagua hutazama pia nani atakayeitengeneza kesho.

MAMA: Lakini Mwalimu, kama mtu aweza kubadili mwenyewe, ugumu uko wapi?

MWALIMU: Mama, maji huenda wapi?

MAMA: Hufuata mfereji uliochimbwa.

MWALIMU: Na watu vivyo hivyo. Wengi hutumia kile walichokikuta. Ndiyo maana jambo hili lilifika hata mbele ya serikali. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza kampuni ya Microsoft faini ya yuro milioni 497. Kosa mojawapo lilikuwa kuufungamanisha mfumo wake, Windows, na programu yake ya kuchezea muziki na filamu. Iliamriwa kuuza pia Windows isiyo na programu hiyo. Ikauza, lakini kwa bei ileile. Walionunua walikuwa wachache sana.

MAMA: Nani anunue tranka lililopunguzwa vitu kwa bei ya lililojaa?

MWALIMU: Sasa tuje kwetu. Mwaka huohuo wa 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa OpenOffice ya Kiswahili. Waliiita Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini kompyuta nyingi zilizoletwa nchini zilifika zimepangwa kwa Kiingereza. Kitu kilicho nje ya tranka, ni lazima kwanza mtu ajue kwamba kipo, kisha akitafute.

MAMA: Basi si afadhali watie kila kitu?

MWALIMU: Hapana. Kompyuta yenye programu nyingi mno hujaa, na mwanafunzi hupotea ndani yake. Oktoba 2023 Ubuntu waligeukia uchache: ukifuata njia ya kawaida ya kuuweka, hukuti tena LibreOffice. Ukiitaka, wachagua orodha ndefu zaidi, au waichukua baadaye katika intaneti.

MAMA: Mwenye intaneti kutwa nzima haoni taabu. Sisi hununua bando. Kwetu kila kilichoachwa nje ni shilingi.

MWALIMU: Hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Hakuna tranka moja linalomfaa kila mtu. Mpangaji mwema humfikiria yule asiye na njia ya kupata kingine. Na mnunuzi naye asipokee tu. Wanafunzi, andikeni mambo manne ya kufanya kabla ya kulipa.

1. Washeni kompyuta bila intaneti. Andikeni barua fupi na orodha ya michango, mkaijumlishe.
2. Ulizeni kama programu hizo ni za kudumu. Nyingine ni za kuonjesha tu. Muda ukiisha hudai malipo.
3. Hifadhini orodha hiyo katika flashi, mkaifungue katika kompyuta nyingine. Daftari la chama lisifungwe ndani ya programu moja.
4. Ombeni mwonyeshwe mahali pa kuchagua lugha ya Kiswahili.

MAMA: Kumbe fedha za wanachama zisitoke kabla ya orodha kufunguka. Nitawaambia wenzangu mkutanoni.



MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI
1. Kwa nini GIMP iliondolewa ingawa ni programu nzuri?
2. Kwa nini kilichomo tangu mwanzo kina nguvu kuliko kinachotafutwa baadaye?
3. Kama darasa lenu lingepewa kompyuta moja yenye nafasi ya programu tano tu, mngechagua za kazi gani? Kila mmoja aeleze sababu yake.