Kuivika Ngoma Nguo kwa Gharama Ndogo

Fungueni madaftari yenu. Ninyi mlioko Mwakitolyo, na wengine wote wa Shinyanga na Geita mnaofuata somo hili, wekeni ngoma moja katikati ya darasa, mahali ambapo kila mtu aweza kuifikia kwa mkono. Somo la leo lina kusoma, lina kupima, na lina kuhesabu fedha. Tutajifunza jinsi ya kuuvika mzinga wa ngoma nguo nzuri bila kuumaliza mfuko wa kikundi.

Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno matano: mzinga, kiwambo, kigingi, kipenyo, mzingo. Mzinga ni lile gogo lililochongwa likawa tupu ndani. Kiwambo ni ngozi iliyowambwa juu yake. Vigingi ni vijiti vinavyoishika ngozi isiregee. Maneno mawili ya mwisho tutayaeleza tutakapofika kwenye kupima.

Mtu aweza kuuliza: nguo ya nini, na hali ngoma yalia kwa ngozi? Swali hili ni la haki. Ni kweli, sauti yatoka kwenye kiwambo na katika hewa iliyo ndani ya mzinga. Nguo ya nje haiongezi sauti hata kidogo. Lakini sisi tulio Usukuma twajua kwamba ngoma haisikilizwi tu, bali hutazamwa pia. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na kundi linalovuta watu wengi zaidi ndilo linaloshinda. Mtazamaji aliye mbali, nyuma ya vichwa vya watu, huona rangi kabla hajatambua ni wimbo gani. Wachezaji hulijua jambo hili, ndiyo maana hujipamba kwa shanga na manyoya. Basi si ajabu kama wapigaji wataka ngoma nayo ipendeze.

Wala jambo hili si la kwetu tu. Huko Marekani, tangu miaka ya 1920, watengenezaji wa ngoma za bendi walianza kuvika mizinga ya mbao kwa karatasi ngumu za plastiki zinazong'aa kama ganda la chaza. Mwaka 1963 Ringo Starr, mpigaji ngoma wa kundi la Beatles la Uingereza, alipata ngoma za kampuni ya Ludwig zilizovikwa plastiki nyeusi ya namna hiyo, na picha zake zikaenea duniani. Lakini ukiichunguza ile nguo yao, utaona kazi ni nyepesi: ni karatasi moja bapa, imezungushwa mzinga, imegundishwa, na mwisho wake umepandishwa juu ya mwanzo wake. Plastiki ile yenyewe ni ghali, nasi hatuihitaji. Kazi ile ile twaweza kuifanya kwa vitu vya mnadani.

Kwanza itazameni ngoma yenu. Je, mzinga wake umenyooka kama pipa, au ni mpana juu na mwembamba chini? Kitu bapa kitauzunguka vizuri mzinga ulionyooka. Mzinga mwembamba chini utakifanya kitu hicho kikunjamane, kama karatasi inavyokunjamana ukijaribu kuifunga embe. Ngoma ya namna hiyo ipakeni rangi, au ifungeni mikanda myembamba ya kitambaa, mmoja chini ya mwingine. Msilazimishe.

Swali la pili ni kubwa zaidi: je, ngoma yenu huoteshwa moto? Wapigaji wengi huiweka ngoma karibu na moto ili ngozi ikaze na sauti ipande. Kama ndivyo mfanyavyo, msiivike plastiki ya namna yoyote. Plastiki hujikunja kwa joto, gundi huachia, na ikishika moto huyeyuka na kumdondokea mtu mkononi. Ile plastiki ya zamani ya Marekani, iitwayo selulodi, ilikuwa ikiwaka upesi mno. Kitambaa nacho chaweza kuungua. Ngoma ya moto yafaa ipakwe rangi tu, au ivikwe ngozi ya mbuzi yenye manyoya yake, ambayo ndiyo nguo ya kale kuliko zote. Mkiweza, ianikeni juani badala ya kuipeleka motoni. Jua la Shinyanga halina uvivu.

Kwa ngoma isiyokwenda motoni, kama zile za kwaya na za shule, mna vitu vingi vya kuchagua. Kuna kitenge na kanga. Kuna ule mpira wa maua wa kutandika mezani, ambao huuzwa kwa mita; hauogopi maji, ila hauzibi kasoro za mzinga. Kuna pia mabango ya plastiki ya matangazo, yale yanayotundikwa barabarani. Tangazo likipitwa na wakati, mwenyewe mara nyingi hukupa bango bure ukimwomba, na upande wa nyuma ni mweupe, waweza kuchora upendavyo. Lakini mwombeni mwenyewe kwanza. Bango lililotundikwa bado lina kazi.

Mimi nikiulizwa, nasema kanga. Ni nyepesi, hupatikana kila mahali, na rangi zake huonekana toka mbali. Tena kanga ina jina, yaani yale maneno yaliyopigwa chapa karibu na pindo. Ninyi mnaojifunza kusoma, someni jina la kanga kabla ya kulipa! Kanga nyingine husema maneno ya upendo, nyingine humsuta jirani. Haitapendeza ngoma ya kwaya iingie kanisani ikiwa imeandikwa masuto ya mke mwenza.

Sasa nataka mnisikilize kwa makini, maana jambo hili ni la uhai. Mwakitolyo ni nchi ya dhahabu, na penye dhahabu hapakosi mifuko, mapipa na matambara yaliyotupwa. Mtu asiye na fedha huyatazama akasema, “Hii si nguo ya ngoma ya bure?” Ndugu zangu, msiichukue. Tambara lililotumika mwaloni kunasa dhahabu laweza kuwa na zebaki. Zebaki hugeuka mvuke hata bila kupashwa moto, na ukiipasha mvuke huzidi. Hauonekani, nao huingia mapafuni ukadhuru mishipa ya fahamu, mtu akaanza kutetemeka mikono na kusahau. Mtoto aliye tumboni hudhurika kuliko wote. Ni kwa ajili ya zebaki mataifa yalifanya Mkataba wa Minamata mwaka 2013, ulioitwa kwa jina la mji wa Japani ambako watu wengi walidhurika kwa kula samaki wenye sumu hiyo. Fikirini basi tambara kama hilo limegundishwa kwenye ngoma, ngoma imewekwa karibu na moto, na watoto wameizunguka.

Mifuko na mapipa yatokayo kwenye mitambo ya kuchenjulia dhahabu ni mabaya vilevile, kwa sababu ya sianidi. Kiasi kidogo mno cha sianidi chaweza kumwua mtu mzima. Pipa lililobeba sianidi si chombo cha nyumbani, hata lioshwe mara ngapi. Wengine hulikata wakafanya mzinga wa ngoma, wasifanye hivyo. Mkitaka kutumia pipa, liwe lile mnalojua kwa hakika kwamba lilibeba mafuta ya kupikia. Kama hakuna ajuaye lilibeba nini, liacheni. Na kiroba kilichochukua mawe ya mgodini hushika vumbi laini la jiwe, ambalo ni adui wa mapafu. Kiroba kipya ni bei ndogo, hakuna haja ya kuokota kilichotumika.

Haya, sasa tupime. Kipenyo ni urefu wa kukata katikati ya duara, toka ukingo hata ukingo. Mzingo ni urefu wa kuizunguka duara. Ukijua kipenyo, kizidishe kwa 22, kisha ugawanye kwa 7, utapata mzingo. Tuseme ngoma yetu ina kipenyo cha sentimeta 35. Mara 22 ni 770. Gawanya kwa 7, ni 110. Sasa mtu mmoja achukue uzi, auzungushe mzinga mara moja, aupime kwa futi ya fundi cherehani. Mkipata karibu na hesabu, vizuri. Mkipishana, fuateni uzi, kwa kuwa mchongaji hakuchonga duara kamili kama la kitabuni.

Ongezeni sentimeta 3 za kupandishia mwisho juu ya mwanzo: 110 na 3 ni 113. Kisha pimeni kwenda juu, toka chini ya vigingi hadi mguuni, si toka ukingo wa ngozi. Tuseme ni sentimeta 40. Ongezeni 3 za kukunja: 43. Kwa hiyo ngoma moja yahitaji kitambaa cha sentimeta 113 kwa 43.

Kanga kwa kawaida ina kama sentimeta 150 kwa 110. Ifueni kwanza, itoke wanga na kurudi kama itarudi, ndipo mpime. Katika upana wa 110 twaweza kukata vipande viwili vya 43, yaani 86, na baki. Basi kanga moja yavika ngoma mbili. Kipande kimoja kitakuwa na jina la kanga. Likateni liwe katikati, litazame watu. Kipande cha pili hakitakuwa na maneno. Ngoma moja itasema, ya pili itanyamaza.

Bei je? Tuseme, kwa kufanya hesabu tu, kwamba doti ni shilingi 12,000. Doti ni kanga mbili, nazo zavika ngoma nne. Gawanyeni 12,000 kwa 4: kila ngoma imevikwa kwa shilingi 3,000, bila gundi. Mtu asiyepima angenunua kanga moja kwa kila ngoma, akalipa mara mbili. Mhasibu wa kikundi aiandike hesabu hii daftarini, tena mbele ya wanachama.

Kazi ya kuvika haina maneno mengi. Mzinga uwe mkavu kabisa, kwani mti mbichi ukifunikwa huoza. Mkiona unga wa bungua, utibuni mti kwanza. Sugueni kwa msasa, futeni vumbi, kisha pakeni gundi nyeupe ya mbao, nyembamba na sawasawa. Uji wa muhogo wagandisha pia, nao ni rahisi, lakini panya na mende huupenda kuliko ninyi mnavyoipenda ngoma. Kwa mpira wa mezani na mabango, gundi ya fundi viatu ndiyo inayoshika. Itumieni nje penye upepo, mbali na moto na watoto, maana harufu yake hulevya.

Anzeni upande wa nyuma wa ngoma, ili mshono usionekane. Watu wawili wavute kitambaa polepole, wa tatu akisukuma hewa kwa kiganja toka katikati kwenda pembeni. Kiacheni kikauke usiku kucha, kisha pakeni vanishi mara mbili. Kama mzinga una tundu la hewa ubavuni, likateni wazi kwa wembe. Hewa ikikosa njia, ngoma hulia kama imezibwa mdomo. Msikifunike kiwambo, wala msivizibe vigingi, kwa sababu siku moja ngozi itataka kukazwa.

Zoezi la juma hili. Kikundi kina ngoma tatu zilizonyooka, kila moja ina kipenyo cha sentimeta 28 na kimo cha sentimeta 30 chini ya vigingi. Tafuteni mzingo, ongezeni ya kupandishia na ya kukunja, kisha mseme: je, kanga moja ya sentimeta 150 kwa 110 yatosha ngoma zote tatu? Choreni kanga hiyo daftarini na mstari wa kila kipande. Mwalimu wa darasa asitoe jibu mpaka kila mwanafunzi amechora.