Simbilisi Ashuka Kitonga

Hapo zamani, tena si zamani sana maana mabati yalikuwepo na simu zilikuwepo, simbilisi wawili, dume na jike, walikaa jikoni kwa bibi mmoja huko Njombe. Walikula majani ya mahindi, wakalala nyuma ya mafiga, na Juni baridi ilipobana walibanana ukutani wakapiga miluzi hadi bibi akaamka kuchochea moto. Ungewauliza taabu yao kubwa duniani, wangekujibu: paka.

Siku moja ya Novemba mjomba akawatia kwenye boksi lililowahi kubeba biskuti, akalifunga kwa kamba, akapanda nalo basi. Alikuwa anampelekea mpwa wake wa Mikumi zawadi. Kondakta akalitazama boksi, akalitia kwenye buti.

Wasomaji wangu, tafuteni ramani ya Tanzania. Njombe iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Basi likitoka huko hupita Makambako, Mafinga, Iringa, kisha linashuka mlima Kitonga kwenye kona zile ambazo hata mwenye usingizi mzito huamka akashika kiti. Chini ya Kitonga kuna Ruaha Mbuyuni, halafu bonde lenye mibuyu mingi, halafu Mikumi, ambako ni mita 500 na kitu tu. Ukishuka mita 1,000, joto huongezeka kwa nyuzi kama 6. Kwa hiyo simbilisi wetu, wakiwa wamefungiwa gizani bila kuulizwa, waliongezewa nyuzi kama 8. Hilo ni joto la nje tu. Ndani ya buti, juu ya lami iliyochomwa na jua la mchana, kulikuwa na jingine.

Ruaha Mbuyuni basi likasimama. Kama mmewahi kupita mnajua: vitunguu vinakuja dirishani kabla gari halijatulia. Mjomba akashuka kuangalia boksi lake.

Dume alikuwa amekaa kinyonge. Jike alikuwa amelala kifudifudi, miguu ya nyuma kainyoosha kama aliyesahau kuikunja. Kidevu kilikuwa kimelowa udende. Mbavu zilikwenda haraka haraka. Masikio, ambayo kwa kawaida ni laini na ya rangi hafifu, yalikuwa mekundu, na mjomba alipoyagusa aliondoa kidole.

"Baba, hao wanaiva," akasema mama muuza vitunguu.

Abiria mmoja, mtu mwema kabisa, akatoa chupa ya maji yaliyoganda barafu akataka kummwagia. Yule mama akamzuia mkono. Sikilizeni kwa nini, maana hapa watu wazima wengi hukosea. Joto la ndani ya mwili hutoka kwa kubebwa na damu hadi kwenye ngozi. Ukimwagia mnyama mdogo kama huyu maji ya barafu ghafla, mishipa ya ngozi hujibana, na joto la ndani huenda likachelewa kutoka. Tena moyo unashtuka. Maji ya kawaida ya mtungini ndiyo yanayofaa.

Basi wakamtoa jike, wakamweka chini ya mti penye upepo, wakalowesha pembe ya khanga, wakampangusa masikio na nyayo, kisha kifua. Wakamdondoshea maji mdomoni tone kwa tone, ayalambe mwenyewe. Hawakumkamua maji kooni, kwani mnyama aliyezidiwa hupaliwa, na maji yakaingia mapafuni. Baada ya kitambo akakunja miguu yake, akapiga mluzi mmoja mwembamba. Mjomba akalipia vitunguu ambavyo hakuvihitaji. Angekuwepo daktari wa mifugo karibu, hata baada ya mluzi ule wangempeleka, kwa sababu joto huweza kuumiza viungo vya ndani na mnyama akaanguka kesho yake.

Safari iliyobaki boksi lilikaa mapajani, limetobolewa pande zote.

Mikumi, binti mwenye zawadi akawapokea kwa "Shikamoo mjomba" moja ya haraka, macho yote kwenye boksi. Aliposimuliwa yaliyotokea akauliza swali ambalo nami ningeliuliza: kwani wanyama wote wa hapa wanaishije? Mbona swala hawazimii?

Swali zuri. Mji wa Mikumi umepakana na hifadhi ya taifa yenye jina hilohilo, iliyoanzishwa mwaka 1964, na huko kila mnyama ana njia yake. Tembo, wanaoonekana hata na dereva wa lori aendaye Zambia, hupunga masikio yale mapana yaliyojaa mishipa ya damu. Damu ikipita pale inapoa, inarudi mwilini. Kiboko anakaa bwawani siku nzima. Nyati hugaagaa matopeni. Mbwa wa nyumbani hutoa ulimi akahema, na wewe ukikimbilia shule unatoka jasho, jasho likikauka linaondoka na joto.

Simbilisi hana hata moja kati ya hizo. Hatoki jasho la kumfaa. Akianza kuhema, hiyo si tiba, ni kilio. Masikio yake ni madogo, mwili mviringo, manyoya mazito, na vyote hivyo ni vya kutunza joto. Si kosa lake. Asili yake ni Amerika ya Kusini, kwenye milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, ambako watu walimfuga maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajampeleka Ulaya katika karne ya 16. Hujisikia vizuri kati ya nyuzi 18 na 24. Zikipita 27 anaanza kutaabika, na 30 ni hatari. Mikumi mwezi wa Novemba, mchana, 30 ni jambo la kawaida.

Hata wenyeji wa joto huchukuliwa tahadhari. Morogoro mjini, kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya hao ni Waafrika halisi, lakini mazoezi yao ya nje hufanyika alfajiri, na masikio yao hupakwa mafuta ya kuzuia jua. Sembuse mgeni wa kutoka Andes kupitia Njombe?

Baba wa binti alikuwa ameshajenga banda. Banda zuri, la mabati, milango na bawaba. "Kivuli hiki hapa," akasema kwa fahari. Saa nane mchana binti akaingiza mkono ndani, akauacha humo akihesabu taratibu. Kabla hajafika ishirini akautoa.

Hapo ndipo penye siri yote, wajukuu zangu. Kivuli na ubaridi si kitu kimoja. Bati huzuia mwanga, lakini lenyewe linapashwa na jua, kisha linamwaga joto chini kwa aliyelala humo. Boksi la biskuti nalo lilikuwa na kivuli, giza totoro! Kinachotakiwa ni kivuli ambacho hewa inapita ndani yake.

Baba hakubomoa banda. Alilihamishia chini ya mwembe, upande usiopigwa na jua la alasiri, akang'oa bati la kuta mbili akaweka wavu, akatandika nyasi nene juu ya paa. Chini akapanga matofali ya kuchoma, ambayo hubaki baridi hadi adhuhuri. Binti akaleta mtungi uliopasuka mdomo, akaulaza ubavu kama pango, akafunika kwa gunia lililoloweshwa. Maji ya gunia yanapokauka yanachukua joto, kama jasho. Simbilisi akapata jasho la kuazima. Ila siku za fukuto, hewa ikiwa imejaa unyevu kabla ya mvua, gunia halikauki wala halisaidii kitu. Siku hizo liondoeni, acheni upepo upite.

Maji ya kunywa waliweka kwenye bakuli zito la udongo, wakayabadilisha asubuhi na mchana, kwani simbilisi huyachafua bila haya. Majani mabichi, mchicha, matembele na ukoka, walitoa asubuhi na jioni. Simbilisi, kama sisi, hawezi kujitengenezea vitamini C, na majani yaliyonyauka juani yamepoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo. Majani ya mihogo na ya viazi mviringo hayakuingia bandani kabisa, yana sumu.

Jike alikuwa na mimba, na mwenye mimba ndiye wa kwanza kuzidiwa na joto. Mimba yao huchukua miezi miwili na kidogo, kwa hiyo ilimbidi aibebe katika kipindi kibaya kuliko vyote. Binti alimtenga na dume, akamwachia mtungi peke yake, na alipomkuta amejinyoosha mchana alimpangusa masikio. Januari akazaa watatu, wenye manyoya tayari, macho wazi, wakitembea siku ileile.

Walipokua, wawili walipelekwa kwa shangazi wa binti, Kilosa, ndani ya tenga, kwa gari la alfajiri. Kule banda likajengwa juu ya miguu minne ya mti, kimo cha kiuno. Watu wa Kilosa wanaujua mto Mkondoa. Mwanzoni mwa 2010 ulifurika ukawatoa maelfu majumbani. Sakafu ya mianzi iliachwa nafasi ndogo, vinyesi vidondoke na upepo upande kutoka chini. Kila mguu wa banda shangazi aliusimamisha ndani ya kopo la maji, kuzuia siafu.