Nani Aliyepanda Utajiri Unaochumwa?

Waswahili husema kwamba tajiri amechuma mali. Kitenzi hicho asili yake ni shambani, na achumaye hukuta mti umekwisha kuzaa. Ajabu ni kwamba katika insha za wanafunzi wetu, na katika vijitabu vya kuwahimiza vijana viuzwavyo kando ya barabara mjini Kisumu, mabilionea weusi hutajwa kana kwamba walichuma matunda ya mti usiopandwa na mtu. Fulani alizaliwa maskini, akaamka alfajiri, akavumilia, akatajirika. Hadithi huishia hapo. Makala haya yanadai kuwa hadithi ya namna hiyo ni pungufu, na kwamba upungufu wake umekwisha kuwagharimu wengi.

Tuanze na neno lenyewe. Bilionea ni neno la mkopo, nalo limekuja bila kipimo chake. Bilioni ya nini? Orodha za matajiri wa dunia huhesabu kwa dola za Marekani, na kwa thamani ya fedha ya mwaka 2024 dola bilioni moja zilikaribia shilingi bilioni 130 za Kenya. Mwenye shilingi bilioni moja ni mkwasi kwelikweli, lakini hayumo katika orodha hizo. Mwalimu asipoubainisha mpaka huu, mwanafunzi huchanganya mfanyabiashara wa mjini kwake na watu wachache mno ulimwenguni.

Sasa tuwatazame baadhi ya hao wachache. Aliko Dangote wa Nigeria alizaliwa Kano mwaka 1957 katika ukoo wa Dantata, uliokuwa umejijenga kwa biashara ya karanga na kola tangu enzi ya ukoloni. Alipoanza biashara yake mwaka 1977, mtaji ulikuwa mkopo wa jamaa yake. Aliagiza sukari, mchele na saruji kutoka ng'ambo, na baadaye akajenga viwanda vya saruji wakati ambapo sera ya serikali ilikuwa ikiwabana waagizaji na kuwapendelea waliozalisha nchini. Bidii yake haina shaka. Hata hivyo, ukoo ulikuwepo kabla yake, na sera ilimfungulia njia.

Robert Johnson alianzisha kituo cha televisheni cha BET nchini Marekani mwaka 1980 kwa msaada wa John Malone, tajiri wa televisheni za waya, aliyetoa dola nusu milioni, sehemu ikiwa ununuzi wa hisa na sehemu ikiwa mkopo. Kituo hicho kilipouzwa kwa kampuni ya Viacom mwaka 2001, Johnson akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kutajwa kuwa bilionea. Strive Masiyiwa wa Zimbabwe, kwa upande wake, aliikuta sheria imesimama mlangoni, kwa kuwa shirika la umma ndilo pekee lililoruhusiwa kuendesha huduma za simu. Alishindana na serikali mahakamani kwa miaka mitano, na mwaka 1998 simu za Econet zikaanza kulia.

Mtaji wa watu wengine na sheria: mambo haya mawili hukosekana katika vijitabu vyetu, ilhali historia ya Kisumu inayaonyesha kwa uwazi mkubwa.

Mwaka 1947 Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu huko Maseno, aliongoza kuundwa kwa shirika la akiba na biashara la Wajaluo, lililojulikana kwa kifupi kama LUTATCO. Hakuwa na ukoo wa Dantata nyuma yake wala John Malone. Alizunguka Nyanza na miji ya Afrika Mashariki walikoishi Wajaluo, akiwauzia hisa watu wa kipato kidogo. Kwa fedha hizo shirika lilifungua maduka, likajenga majumba, na likawa na mtambo wa uchapaji jijini Nairobi. Wakati huo sheria ya kikoloni iliyohusu mikopo kwa wenyeji ilimnyima mfanyabiashara haki ya kudai mahakamani deni kubwa kutoka kwa Mwafrika, isipokuwa mkopo uwe umeidhinishwa na afisa wa serikali. Matokeo yake ni dhahiri: nani angemkopesha Mwafrika shehena ya bidhaa? Viwanja vya biashara mijini navyo havikupatikana kwa urahisi. LUTATCO haikumfanya mwanahisa wake yeyote kuwa bilionea, na hatuwezi kusema kwamba watu wale walikosa kuamka alfajiri.

Hapa Kaloleni umesimama Ukumbi wa Ofafa, uliojengwa kwa michango ili kumkumbuka Ambrose Ofafa, kiongozi wa Luo Union aliyeuawa mwaka 1953. Waliochanga hawakuwa matajiri. Ukumbi huo ni ushahidi kwamba watu wa hapa walijua kukusanya mali. Walichokosa ni mikopo na sheria ya kuwaruhusu kuikuza.

Huenda msomaji akauliza kama hoja hii haitawafundisha vijana kulaumu tu. La hasha. Kijana anayeamini kwamba utajiri ni siri ya moyo wa mtu mmoja ndiye anayenaswa upesi na muuza siri. Mnamo miaka ya 2006 na 2007 Wakenya wengi walipeleka akiba zao katika miradi ya upatu wa udanganyifu iliyoahidi faida ya haraka, wakapoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Wengi wa waliopoteza walikuwa watu wenye bidii. Swali ambalo hawakuliuliza ni hili: faida hii inatoka wapi?

Kwa hiyo, walimu wenzangu, mwanafunzi anapoandika insha kuhusu tajiri yeyote, tumtake ajibu maswali matatu. Mtaji wa kwanza ulitoka kwa nani? Sheria ilimfungulia nani mlango, na ikamfungia nani? Na wale waliofanya kazi na kuweka akiba, walipata fungu gani? Maswali hayo yatamfaa katika somo la historia, katika biashara, na hata siku atakapoombwa kutia sahihi karatasi asiyoielewa. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuwafundishe watoto kulisoma daftari lote, pamoja na kurasa zenye majina ya wale waliopanda.