UZI: Glock ama Ceska? Swali la mjomba wangu, na yale tunayosahau kuwauliza wanasiasa

1/
Kila mara wezi wakivamia nyumba na video ifike mtandaoni, mjadala huwa ni ule ule. Upande mmoja: raia wema wapewe bunduki wajilinde. Upande wa pili: bunduki ni kazi ya polisi, basi. Leo sipigii debe mtu wala chama. Nataka tu kufafanua hoja zenyewe, kwa sababu mwezi uliopita ziliniletewa mezani, pamoja na chai.

2/
Mjomba wangu ana hadiwea Kawangware na anaishi upande wa Uthiru. Mwaka jana wezi wanne waliingia kwake, mmoja akiwa na bastola. Walichukua pesa, simu na amani ya nyumba nzima. Alipiga simu ya msaada. Gari la polisi lilifika kukipambazuka.

Basi siku moja akanipata tao baada ya leksha, tukakaa kwa hoteli ndogo karibu na Jeevanjee. Akatoa simu, akanionyesha picha mbili: Glock 17 na CZ 75, ambayo Wakenya wengi huiita Ceska.

"Wewe si unasoma siasa? Hebu niambie nichukue gani. Nataka ya kulinda nyumba, na wikendi niende kupiga shabaha."

Nikamwambia, "Mjomba, siasa na bastola ni vitu tofauti."

Akacheka. "Kenya hii? Ni ndugu, baba mmoja mama mmoja."

3/
Tuanze na sheria, maana hapa ndipo wengi huteleza. Kenya, kumiliki bunduki si haki ya raia. Ni ruhusa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ilianza kutumika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na mkoloni hakuiandika ili mwananchi ajisikie huru. Imefanyiwa marekebisho mara nyingi lakini uti wa mgongo ni ule ule: huna cheti, huna bunduki.

Anayeomba cheti lazima aonyeshe sababu nzuri ya kutaka silaha, na wakubwa waridhike kwamba akiwa nayo hatahatarisha usalama wa umma. Mlevi wa kupindukia au mtu asiye na akili timamu hapewi. Cheti chenyewe hutaja aina ya silaha na kiasi cha risasi unachoruhusiwa. Kwa hivyo mjomba hawezi kuingia dukani tu na kuchagua kama viatu.

4/
Na Katiba ya 2010? Tafuta kote, hutapata haki ya kubeba silaha. Utapata haki ya kuishi (Kifungu cha 26), haki ya usalama wa mtu (Kifungu cha 29), na Kifungu cha 37 kinachokuruhusu kuandamana kwa amani na BILA silaha.

Wale wanaosema "ni haki yangu" mara nyingi wameazima maneno ya Marekani. Kule kuna Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba yanamlinda mtu binafsi anayeweka bunduki nyumbani kujilinda. Hiyo ni Marekani. Ukiibeba hoja hiyo mpaka Nairobi, haina pa kukaa.

5/
Sasa bastola zenyewe. Najua kuna wasee wamekuja kwa hii tu.

Zote mbili ni za saizi kamili, zote zina jina, na mara nyingi zote hutumia risasi ya milimita 9. Glock 17 ni ya Austria. Jeshi la huko liliichagua mwaka 1982. Fremu yake ni plastiki ngumu, kwa hivyo bila risasi ina uzito wa takriban gramu 630. CZ 75 ni ya Wacheki, muundo wake ni wa 1975, na ile ya chuma kitupu ina karibu kilo moja. Hata Jericho ya Israeli, ambayo utaiona kwenye mikanda ya polisi wetu, muundo wake umetoka kwa hii Ceska.

6/
Kwa shabaha, uzito ni rafiki. Bastola ikifyatuka hupiga teke, na kilo moja ya chuma hulimeza teke hilo vizuri kuliko plastiki. Ceska ikishaanza kufyatua, triga yake huwa nyepesi na safari yake ni fupi, ndiyo maana wapigaji wa mashindano wanaipenda. Kama lengo ni kutoboa karatasi tu, ningemwambia mjomba achukue Ceska na tumalize chai.

7/
Kwa nyumbani, hesabu inabadilika. Saa nane usiku, stima imepotea, mikono inatetemeka. Glock haina kile kitufe cha pembeni cha kufunga. Kinga zake zimo ndani na kwenye triga yenyewe. Ukiivuta, inafyatuka, kila mara kwa uzito ule ule. Ni rahisi kujifunza, na kwa sababu hiyo hiyo haimsamehi mwenye kidole kisicho na adabu. Ceska nyingi zina kitufe cha kufunga. Hiyo ni kinga ya ziada, na pia ni jambo moja zaidi la kukumbuka ukiwa na hofu.

Watu wanaofundisha kazi hii watakuambia bora ni ile utakayofanya nayo mazoezi mpaka mkono uijue. Jibu halina msisimko, lakini ndilo jibu.

8/
Nilidhani nimemaliza. Mjomba akanyamaza, akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Kisha akaniambia jambo ambalo hajamwambia shangazi mpaka leo.

Wiki tatu baada ya ule wizi, usiku, alisikia geti. Akachukua panga, akasimama nyuma ya mlango wa jikoni. Mlango ukafunguka polepole. Akainua panga. Mwangaza wa jirani ukapita usoni mwa yule mtu: ni binamu yangu, kifungua mimba wake. Alitarajiwa kesho yake kutoka Eldoret. Alipata gari la mapema, simu ikazima chaji, akaona asiwaamshe watu.

"Panga lilibaki hewani," akasema. "Nikaketi chini sakafuni. Yeye akadhani ni mimi niliyeumwa."

9/
Wadau, nimeifikiria hiyo stori sana. Kwa panga, lazima mtu akukaribie ndipo umdhuru, na huo ukaribu ndio uliompa mjomba nafasi ya kuona uso. Kwa bastola, angefyatua mlango ulipolia. Glock au Ceska, ya gramu 630 au ya kilo, hakuna kati yao inayokuambia nani yuko mlangoni.

Lakini tusidanganyane pia: wale wezi wa kwanza walikuwa na bastola, na panga la mjomba lisingefua dafu. Mambo haya mawili yote ni kweli. Mwanasiasa anayekuambia moja tu kati yake anakuuzia nusu mkate.

10/
Kuna na majirani. Nyumba ya mawe Lavington au Loresho inaweza kuizuia risasi ya bastola. Ukuta wa mabati Kangemi au Kawangware hauwezi. Risasi ya milimita 9 hutoboa bati, ikatoboa na la pili, na nyuma ya hilo kuna kitanda cha mtoto wa mtu. Ukikosa shabaha uwanjani unapoteza alama. Ukikosa kwenye ploti ya mabati, huenda ukazika mtoto wa jirani.

11/
Tuseme umefyatua, na kweli alikuwa mwizi. Je, sheria inakulinda? Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema nguvu za kujilinda wewe au mali yako zitapimwa kwa misingi ya sheria ya kimazoea ya Uingereza. Mahakama zetu hutegemea sana uamuzi wa kesi ya Palmer wa mwaka 1971, uliotoka Jamaika. Kwa ufupi: una haki ya kujilinda, na mahakama inaelewa kwamba aliyevamiwa hana mizani mkononi ya kupima kila gramu ya nguvu. Lakini nguvu hizo lazima ziwe za lazima na za kiasi kinachoeleweka. Aliyekuwa anakimbia na TV yako, ukampiga risasi mgongoni ukutani mwa jirani, hiyo ni kesi nyingine kabisa. Na hiyo kesi ni wewe utakayeijibu. Aliyekuwa akipiga kelele jukwaani kwamba mjilinde hatakuwa kizimbani nawe.

12/
Wenye kutetea raia wenye silaha hutaja Westgate, na wana haki ya kuitaja. Tarehe 21 Septemba 2013, pale Westlands, watu 67 waliuawa. Miongoni mwa waliotangulia kuingia kuokoa watu walikuwa raia wenye leseni, wakiwa na bastola tu, dhidi ya magaidi wenye bunduki kubwa. Kuna Wakenya wako hai leo kwa sababu ya hao watu. Januari 2019, shambulio la Riverside lilipoua watu 21, tena raia wenye leseni walionekana wakisaidia.

Wenye kupinga nao watakuonyesha video za watu wakubwa wakichomoa bastola kwenye vilabu na barabarani kwa sababu ya ugomvi wa maegesho. Hao pia walikuwa na vyeti. Cheti ni kile kile.

13/
Ndiyo maana mwishoni mwa 2018 serikali iliamuru raia wote wenye leseni wakaguliwe upya kwa muda wa siku 90. Ilikuwa ni kukiri kwamba hata vyeti vyenyewe havikuwa vinaaminika vyote.

Halafu tazama idadi. Makadirio ya Small Arms Survey ya mwaka 2017 yanasema kulikuwa na bunduki takriban 750,000 mikononi mwa raia Kenya. Zilizosajiliwa? 8,136. Yaani ukizungumza kuhusu leseni unazungumzia kijiko kimoja cha sufuria nzima. Yule mwizi wa Uthiru hakujaza fomu yoyote.

14/
Sasa hapa ndipo siasa yenyewe ilipo. Sheria inataka "sababu nzuri". Nani anaamua ipi ni nzuri? Mwenye kampuni Lavington, aliye na ukuta, stima ya waya na mlinzi, sababu yake husikika haraka. Mama mboga wa Kangemi anayetoka Wakulima alfajiri na pesa kwenye leso, yeye hatari yake ni kila siku, lakini sidhani hata amewahi kuota kuomba. Sisemi apewe bastola. Nasema kama usalama unategemea ruhusa, na ruhusa inategemea wewe ni nani, basi Kifungu cha 27 cha Katiba kuhusu usawa kinafaa kuingia kwenye mjadala huu. Sijakisikia kikitajwa.

15/
Kwa hivyo mgombea akisimama steji akisema "tutawapa raia silaha" au "tutazichukua zote", muulize haya matatu:

Moja, aliyenyimwa cheti anaelezwa sababu, na anaweza kukata rufaa ikasikizwa?
Mbili, aliyepewa anapimwa mkono na akili mara ngapi baada ya siku ya kwanza?
Tatu, ukipiga simu saa nane usiku Uthiru, gari linafika saa ngapi, na nani anawajibika lisipofika?

Hilo la tatu likijibiwa vizuri, wengi wetu hatutahitaji kujua tofauti ya Glock na Ceska.

16/
Mjomba ameamua nini? Kwanza ameweka mlango wa chuma, taa zinazowaka mtu akipita, na namba ya majirani sita kwenye kikundi kimoja. Binamu ameapa kupiga simu kabla ya kufika, hata kama ni kwa simu ya makanga. Fomu ameichukua, iko kwenye droo, haijajazwa.

Juzi akaniuliza tena, "Lakini kama ungekuwa wewe?"

Nikamwambia: ya shabaha, Ceska, na mwanzoni aende uwanjani na mwalimu mwenye leseni kabla hajajaza karatasi yoyote. Ya nyumba, kwanza aniambie atafanyaje mlango ukilia tena usiku.

Bado hajanijibu. Sijamsukuma.

Leteni maoni, hata ya kunipinga. Matusi mwache nje ya geti. Uzi ujao: bajeti ya usalama, nani huipitisha na nani huila.