Kobe bapa: nani atamlipa anayemwacha mwambani?

Dubai ni miongoni mwa njia panda kubwa za usafiri wa anga duniani. Abiria na mizigo kutoka Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe hupita hapa kuelekea Ulaya, Asia na Marekani. Wingi huo, unaowafaa wafanyabiashara halali, huwafaa pia walanguzi wa wanyamapori. Mnyama mdogo, asiye na sauti, si rahisi kugunduliwa kati ya maelfu ya masanduku.

Mmoja wa wanyama wanaotamaniwa na walanguzi ni kobe bapa, anayepatikana Kenya, Tanzania na sehemu ndogo ya Zambia peke yake.

Umbo lililomponza

Kobe huyu ana urefu wa sentimita 18 hivi. Gamba lake ni jembamba na hunepa. Anapotishwa hajifichi ndani ya gamba kama kobe wengine, bali hukimbilia ufa wa mwamba na kujibana humo. Umbo hilo la ajabu ndilo linalowavutia wafugaji wa nchi za mbali.

Kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mara moja, hivyo idadi iliyopungua huchukua miaka mingi kurudi. Isitoshe, wakusanyaji wamezoea kupanua nyufa kwa jeki za magari au mitaimbo. Mwamba ukishavunjwa, hata kobe aliyesalia hukosa makazi.

Wa kwanza kushika, wa mwisho kulipwa

Mkono unaomtoa kobe mwambani mara nyingi ni wa mwanakijiji wa nchi kame, kama Kitui au Dodoma, ambako mvua ikikosekana shamba halitoi kitu. Yeye hupokea fedha kidogo tu. Thamani huongezeka kwa wakala, kwa msafirishaji, na hatimaye kwa muuzaji wa ng'ambo. Mwenye njaa hapangi bei.

Sheria zimekazwa

Mwezi Agosti mwaka 2019, mjini Geneva, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, zilimhamishia kobe bapa kwenye Kiambatisho cha Kwanza, kwa pendekezo la Kenya na Marekani. Tangu Novemba mwaka huo, biashara ya kimataifa ya kobe waliokamatwa porini ni marufuku.

Umoja wa Falme za Kiarabu nao, baada ya kuwekewa vikwazo na CITES mwaka 2001, ulitunga mwaka uliofuata sheria ya kusimamia biashara hiyo. Mwaka 2016 shirika la ndege la Emirates lilikuwa miongoni mwa makampuni ya uchukuzi yaliyotia saini azimio la kupambana na usafirishaji haramu wa wanyamapori.

Marufuku iliyowapata wasiohusika

Mwaka huohuo wa 2016, Tanzania ilisimamisha usafirishaji wote wa wanyamapori hai nje ya nchi. Hatua hiyo ilikuwa na sababu nzito, lakini iliwakumba pia wakulima wa vipepeo wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Hao walikuwa wakifuga vipepeo kwa ajili ya maonyesho ya nje, na kipato hicho kiliwapa sababu ya kuulinda msitu. Mradi kama huo wa Kipepeo, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke nchini Kenya, ulikuwa umeanza mwaka 1993.

Kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kinatoa funzo jingine. Kobe wake wakubwa, ambao asili yao ni Ushelisheli, waliibwa hadi mwaka 1996 wakabaki saba tu. Leo wanatunzwa ndani ya uzio, na wageni wanaokwenda kuwatazama huwapatia riziki wenye mashua wa Mji Mkongwe.

Kobe bapa hana bahati hiyo, kwa kuwa hujificha, na makazi yake mengi yako mbali na njia za watalii. Wa kumlinda ni jirani yake mwanakijiji, na ulinzi huo ni kazi inayostahili ujira. Mataifa yaliyokutana Geneva yaligawana heshima ya uamuzi ule. Gharama yake bado inabebwa na mtu wa Kitui na Dodoma, anayetakiwa kupita kando ya mwamba akiwa na njaa na kuuacha kama ulivyo.