Usiku katika klabu iliyofurika: tuwafundishe vijana wetu mlango wa pili



Wazazi wengi katika makanisa yetu wanauliza swali moja: kijana mkristo aende klabu ya usiku, au "boîte" kama tunavyoiita mitaani, au asiende? Mafundisho yetu juu ya ulevi na uasherati yanajulikana, wala hatuyabadilishi hapa. Leo tunataka kueleza jambo lingine ambalo halisikiki sana mimbarani: namna ukumbi uliojaa watu usiku unavyoweza kuua. Tuna watoto wanaosoma Kinshasa, Lubumbashi na Kampala. Wengine wataingia humo hata kama tumewakataza, na tunataka warudi nyumbani wakiwa hai.

Yaliyotokea kwingine

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Januari 2022, mjini Yaoundé, Kamerun, fataki zilizowashwa ndani ya klabu moja zilichoma dari. Walikufa watu wasiopungua 16. Mjini Santa Maria, Brazil, tarehe 27 Januari 2013, wanamuziki waliwasha fataki jukwaani, na cheche zikashika sponji iliyobandikwa darini ili kupunguza kelele. Walikufa watu 242, wengi wao wanafunzi. Mjini East London, Afrika Kusini, tarehe 26 Juni 2022, hapakuwa na moto wowote, lakini vijana 21 walikufa katika baa iliyofurika. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 13.

Kwa nini wanakufa wengi hivyo

Sababu ya kwanza ni moshi. Watu huogopa miali ya moto, lakini moshi ndio unaotangulia kuua. Sponji na plastiki zikiungua hutoa sumu ambayo humlegeza mtu na kumpotezea fahamu kwa muda mfupi sana. Moshi huo hupanda kwanza darini, kisha hushuka. Kwa hiyo anayeinama au kutambaa hupata hewa kidogo zaidi kuliko anayesimama wima. Katika giza la Santa Maria, wengi walikimbilia vyooni wakidhani ni njia ya kutokea, na huko ndiko miili mingi ilikokutwa.

Sababu ya pili ni mlango. Binadamu akishtuka hurudi alikoingilia. Katika jimbo la Rhode Island, Marekani, tarehe 20 Februari 2003, klabu ilishika moto, nayo ilikuwa na milango kadhaa. Watu wengi waliukimbilia mlango mkuu peke yake, na katika muda wa dakika mbili hivi ulikuwa umezibwa na walioanguka. Walikufa 100. Huko Santa Maria mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu, na mwanzoni walinzi waliwazuia watu wasitoke kabla ya kulipa vinywaji vyao. Penye milango mingi nako, wenye kumbi hufunga ule wa nyuma kwa kufuli ili mtu asiingie bila kulipa. Kufuli hiyo huokoa pesa kidogo kila usiku, na usiku mmoja hugharimu roho za watu.

Sababu ya tatu ni msongamano wenyewe. Watu wakifika sita au saba katika mita moja ya mraba, mtu hana tena uwezo wa kuchagua aende wapi. Umati unamsukuma kama maji ya mto. Kifua kikibanwa pande zote, mapafu hayawezi kupanuka, na mtu anaweza kukata roho akiwa amesimama. Walio nyuma hawaoni kinachotokea mbele, basi wanaendelea kusukuma. Si ukatili, ni kutojua.

Jambo hili linatuhusu sisi pia

Mtu asiseme, "Hayo ni ya watu wa dunia." Mwezi wa Julai 2024, katika uwanja wa Stade des Martyrs, Kinshasa, watu wasiopungua 7 walikufa katika msongamano, na walikuwa wamekuja kwenye tamasha la nyimbo za Injili. Mkesha wa maombi wenye watu mia tano, mlango mmoja na mishumaa una hatari ileile ya klabu.

Maandiko yanalijua jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu anamwagiza anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari yake, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Usalama wa wageni umewekwa katika Sheria, juu ya mabega ya mwenye nyumba. Na katika Matendo 20 tunamwona kijana Eutiko, katika chumba cha juu chenye taa nyingi, usiku wa manane, ameketi dirishani. Alipoanguka, Paulo hakuanza kwa kumkemea. Alishuka, akamkumbatia.

Tufanye nini

Vijana, mkiingia katika ukumbi wowote, iwe wa harusi, wa muziki au wa ibada, tafuteni kwanza mlango wa pili. Mkiona umefungwa kwa kufuli, au watu wamebanana hata mkono hauinuki, tokeni mapema. Kukionekana moto, usingoje kuona wengine watafanya nini, wala usirudi kuchukua simu au mkoba. Ukibanwa katika umati, weka mikono mbele ya kifua ili upate nafasi ya kupumua, usishindane na msukumo, na sogea upande kidogo kidogo. Aliyeanguka ainuliwe mara moja.

Wazazi, mtoto anayeogopa hasira yenu hatawapigia simu saa nane za usiku. Mwambieni tangu sasa kwamba akipatwa na shida popote alipo, apige. Maonyo yatasubiri asubuhi.

Wachungaji na wazee wa kanisa, Jumapili hii kagueni jengo lenu. Je, milango yote inafunguka wakati wa ibada, tena kwa kuelekea nje? Nani anashika funguo? Mabenchi hayajaziba njia? Jenereta iko nje, mbali na madirisha? Kabla ya mkesha, mtu mmoja atangaze mahali pa kutokea, kama tunavyotangaza sadaka.

Tutaendelea kuwaita vijana wetu watoke gizani. Bwana atupe pia moyo wa kuwafungulia mlango.